Taa zikibadilika video inageuka mabokisi, na kosa sio la bando

Wiki iliyopita grupu la familia liliwaka moto kidogo. Ilitumwa video ya sendofu ya binamu yangu, dakika 4 za yeye kuingia ukumbini na wapambe wake, na mwanzoni iko safi mpaka unaziona shanga kwenye nywele, halafu DJ akawasha zile taa zake za kuzunguka, wapiga picha nao wakaanza kumulika flashi, basi hapo hapo uso wa bibi harusi ukageuka mabokisi, kama mtu kambandika vigae. Shangazi akasema yule kijana wa kamera ni kanjanja. Mjomba akasema ni bando, "net ikiwa ndogo video inakatakata". Mdogo wangu akasema simu ya shangazi ndo imechoka. Mi nashinda kwenye kompyuta naedit video za watu, nikajaribu kueleza kwa voisi noti ya dakika 3 na hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho, kwa hiyo naandika hapa.

Jibu fupi ni kwamba taa ndo zimefanya vile. Ila sio kwamba taa zimeharibu picha kwenye kamera, zimeharibu hesabu ya kubana video. Hizo ni kesi mbili tofauti kabisa, na bila kuzitenganisha utanunua simu mpya bure.

Tuanzie chini kabisa. Video ni picha za mgando nyingi zinazopita haraka mbele ya macho, na kila picha moja inaitwa fremu. TV za huku kwetu zinapitisha 25 kwa sekunde, simu nyingi zinarekodi 30. Kila fremu ni vidoti vidogo vya rangi, pikseli, na kila pikseli ni namba tu: 0 ni giza totoro, 255 ni mweupe pee. Sasa chukua video ya kawaida ya HD, upana pikseli 1920 na urefu 1080, hapo una pikseli zaidi ya milioni 2 kwenye fremu moja, zidisha kwa fremu 25, kila pikseli ikila baiti moja na nusu rangi zikiwemo, unapata kama megabaiti 78 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Zile dakika 4 za binamu zingekula GB 18 na ushee kama zingetumwa zilivyo. Hakuna grupu la familia linaloweza kubeba hiyo kitu, kwa hiyo lazima video ibanwe, na ibanwe sana, mara mia na zaidi.

Kinachobana kinaitwa enkoda, kinakaa ndani ya simu au kompyuta. Kinachofungua ni dekoda, na hiki unakijua hata kama hujui kama unakijua, kile king'amuzi kilichoingia majumbani Dar pale analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012 kazi yake kubwa ndo hiyo, kupokea video iliyobanwa na kuifungua. Hizi mbili lazima ziwe na makubaliano ya namna ya kuandikiana. Makubaliano yanayotumika sana mpaka leo yanaitwa H.264, yalitoka 2003, halafu wakaja wadogo zake H.265 mwaka 2013 na H.266 mwaka 2020.

Sasa inabanaje? Hapa ndo pa kukaa.

Fikiria daftari la Mangi wa dukani. Mangi haandiki upya mali yote ya duka kila asubuhi. Anaandika kilichobadilika: sukari imetoka kilo mbili, mama fulani kakopa unga, umeingia mche mmoja wa sabuni. Vitu vingine vyote ni vile vile vya jana. Enkoda nayo iko hivyo hivyo, fremu ya kwanza inaandika yote, zinazofuata inaandika tofauti tu. Na ina akili kidogo ya ziada, inaikata fremu vipande vipande vya mraba, tuviite bloku, na kwa kila bloku inaiuliza fremu iliyopita "hiki kipande kilikuwa wapi?" Mkono wa bibi harusi umesogea kulia kidogo, enkoda inaandika: chukua kile kipande cha mkono cha fremu iliyopita, sogeza pikseli 6 kulia. Imemaliza. Kinachobaki baada ya kutoa, yaani pale ubashiri ulipokosea kidogo, ndo kinaandikwa, na tukiite mabaki. Mabaki yakiwa karibu na sifuri, video inakuwa nyepesi.

Ukiangalia vizuri utagundua huo ujanja wote umesimama juu ya imani moja, kwamba kitu kikihama kinahama na mwanga wake. Mkono ukisogea unabaki na weupe au weusi ule ule.

Halafu DJ anawasha taa.

Tuchukue namba kabisa ili tusiongee hewani. Shangazi amevaa kanga ya madoa meusi na meupe. Kwenye fremu iliyopita pikseli ya doa jeusi ni 40, ya doa jeupe ni 160. Taa inafifia, namba zinashuka nusu: jeusi 20, jeupe 80. Shangazi hajasogea hata unywele, kakaa kwenye kiti chake. Enkoda inatoa: kwenye jeusi pungufu 20, kwenye jeupe pungufu 80. Unaona kilichotokea? Madoa ya kanga yamerudi ndani ya mabaki! Ile kanga ambayo ilishaandikwa vizuri kwenye fremu ya kwanza sasa inabidi iandikwe tena, doa kwa doa, na fremu ijayo taa ikififia zaidi inaandikwa tena, na tena.

Mjuaji mmoja atasema, kama mwanga umeshuka kiasi kile kile kila mahali, si ni namba moja tu ya kuandika? Ni kweli, kama bloku nzima ingeshuka 20 sawasawa enkoda isingeona shida, hiyo ni namba moja kwa bloku na inabanika vizuri tu. Ukuta mtupu hausumbui. Ila mwanga kwa asili yake unazidisha, hautoi. Cheupe kinashuka sana, cheusi kinashuka kidogo, kwa hiyo chochote chenye urembo, kanga, kitenge, nywele zilizosukwa, lesi ya gauni, maua ya jukwaani, kinaacha umbo lake kwenye mabaki. Na sendofu ni nini kama sio lesi na maua ukumbi mzima.

Kuna ubaya wa pili ambao watu hawausemi, nao mi naona ndo mbaya zaidi. Enkoda ikitafuta "hiki kipande kilikuwa wapi" inatafuta kinachofanana zaidi kwa namba. Gauni jeupe likififia, linaanza kufanana kwa namba na ukuta wa kijivu kuliko linavyofanana na gauni lenyewe la fremu iliyopita. Basi enkoda inachukua kipande cha ukuta, inakileta kwenye gauni, na kuandika mabaki ya kurekebisha. Bloku ya pembeni yake inachukua kutoka kwenye suti ya bwana mmoja. Ya chini yake kutoka kwenye kitambaa cha meza. Kila bloku ina safari yake, wakati kiukweli hakuna kilichohama pale, na maelezo ya hizo safari nayo yanakula nafasi.

Na nafasi ina mpaka. Enkoda imeambiwa mwanzoni, kwa mfano, sekunde moja isizidi megabiti 2 (biti, sio baiti, biti 8 ndo baiti moja). Mabaki yamejaa, nafasi haitoshi, inafanya kile ambacho mtu yeyote anafanya begi likijaa, inatupa vitu. Inatupa undani, ile michirizi midogo midogo, na kwa kuwa inatupa bloku kwa bloku, bloku moja inabaki na weupe huu na jirani yake weupe ule, mpaka kati yao unaonekana kwa macho. Hayo ndo mabokisi. Kwa hiyo shangazi aliyaona mabokisi kwenye uso, ila chanzo chake ni lesi, maua, kanga, na taa za DJ kugombania zile megabiti 2.

Hapa nimjibu mjomba kabla sijasahau. Video ikishashuka kwenye simu yako, imeshashuka. Bando dogo litakufanya usubiri, duara litazunguka, video itaganda, ila halitaongeza mabokisi kwenye faili ambalo tayari unalo. Ukiangalia kitu moja kwa moja mtandaoni hapo sawa, net ikipungua app inakuhamishia kwenye video ya ubora wa chini, mabokisi yanakuja. Na king'amuzi kikileta mabokisi wakati wa mvua hiyo ni habari nyingine, hapo mawimbi yamepotea njiani, namba hazikufika kabisa. Mabokisi ni yale yale kwa sura lakini ugonjwa sio mmoja.

Sasa dawa. Turudi kwa Mangi. Asubuhi moja bei zimepanda dukani kila kitu kwa asilimia 10. Mangi mjinga anafuta bei ya sukari anaandika mpya, anafuta ya mchele, ya mafuta, ya kiberiti, anamaliza daftari. Mangi mjanja anaandika mstari mmoja juu ya ukurasa: kila bei ongeza asilimia 10. Basi.

Huo mstari mmoja ndo fidia ya mwanga. Kwenye H.264 waliuweka rasmi, na unafanya kazi hivi: kabla ya kutoa, ile fremu iliyopita inazidishwa kwa namba moja, tuiite uzito, halafu inaongezwa namba nyingine, tuiite nyongeza. Enkoda ikigundua ukumbi umefifia nusu, inaandika uzito wa nusu. Rudi kwenye kanga: 40 inakuwa 20, 160 inakuwa 80, ukitoa unapata sifuri na sifuri. Kanga yote ya shangazi imepotea kwenye mabaki, haihitaji kuandikwa tena. Kitu kidogo ninachokipenda hapa ni kwamba hawatumii desimali, maana chipu za kufungulia video zinatakiwa ziwe na mbio, kwa hiyo nusu inaandikwa kama zidisha kwa 16 halafu gawa kwa 32, na kigawanyo siku zote ni 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa sababu kugawa namna hiyo kwa kompyuta ni kusogeza tarakimu tu. Mwangaza una uzito wake na rangi zina za kwao, kwa hiyo ukumbi mzima ukigeuka zambarau nayo inashughulikiwa.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu. MPEG-2, ile ya kwenye DVD, haina huo mstari wa juu ya daftari. Ndo maana ukitoa DVD ya zamani kabatini na kuangalia pale muvi inapoanza kufifia kwenda giza, mara nyingi unaona picha inachafuka sekunde moja mbili kisha giza linaficha aibu. Microsoft nao kwenye zile faili zao za WMV, ambazo baadaye zilikuja kuwa kiwango kinachoitwa VC-1, waliweka kitu cha aina hii kwa fremu nzima. Ila sio kila kodeki mpya, yaani makubaliano mapya ya kubana na kufungua, inayo: VP9 ya Google na hata AV1 ya 2018 hazina huo uzito wa kuzidisha fremu, zinategemea ujanja mwingine. Kwa hiyo ule usemi wa "kodeki mpya inamaliza kila kitu" upokee kwa tahadhari.

Sasa kuna jambo watu wanalielewa vibaya sana, na nimeulizwa zaidi ya mara moja na wateja. Wakisikia "fidia ya mwanga" wanadhani ni kitu cha kung'arisha video ya giza. Hapana. Haigusi mwonekano wa video yako hata kidogo. Ukumbi kama ulikuwa giza kwenye kamera utabaki giza kwenye TV, taa kama zilipepesa zitapepesa vile vile. Ule uzito unatumika kwenye kubashiri tu, ndani kwa ndani, kama vile Mangi akiandika "ongeza asilimia 10" haimaanishi amekupunguzia bei. Wewe unanunua kwa bei ile ile mpya, yeye ndo kaokoa wino. Kung'arisha ni kazi ya kamera au ya mtu wa kuedit, ni idara nyingine.

Na flashi je? Flashi ni tabia nyingine kabisa. Ukumbi unafifia taratibu, ila flashi inawaka fremu moja, labda mbili, halafu mambo yanarudi kama kawaida. Shida haiko sana kwenye ile fremu ya flashi yenyewe, macho yako hayana muda wa kuikagua. Shida ni fremu inayofuata, maana kama inaruhusiwa kuiangalia ile iliyopita tu, itakuwa inajilinganisha na fremu nyeupe iliyoungua, kama kumuuliza njia mlevi wakati wenye akili zao wamekaa barazani. H.264 inaruhusu enkoda kukumbuka fremu kadhaa za nyuma, mpaka 16, kwa hiyo baada ya flashi inairuka ile iliyoungua na kwenda kuuliza ya kabla yake. Enkoda nzuri inafanya hivyo yenyewe. Enkoda ya haraka haraka ya kwenye simu, inayotakiwa kubana huku inarekodi na huku inatunza betri, mara nyingi haikumbuki mbali.

Kufifia kwa polepole kuna njia nyingine pia. Fremu nyingine zinaruhusiwa kuangalia nyuma na mbele, yaani enkoda inabana kwanza fremu ya mbele halafu inarudi kujaza za katikati. Kama mwanga unashuka sawasawa, jana 100, kesho 60, basi katikati ni 80, huhitaji hata kuambiwa uzito, unachukua wastani. Safi sana. Na kama fremu iko karibu zaidi na ya kesho, ya kesho inapewa uzito mkubwa zaidi, kwa kuhesabu umbali tu.

Mpaka hapo utasema basi dawa ipo, kwa nini binamu yangu kageuka vigae? Kwa sababu mstari wa Mangi ni wa duka zima, na taa za DJ sio za duka zima. Ile taa inayozunguka inapita kwenye meza ya kulia kwa bluu, sekunde hiyo hiyo jukwaa limewaka pinki, nyuma kule ukumbi ni giza. Uzito mmoja kwa fremu nzima unasaidia nani? Ukiwapa nafuu wa jukwaani unawaumiza wa meza ya kulia. Kuna ujanja wa H.264 ambao ni mzuri kwelikweli, enkoda inaiorodhesha fremu ile ile moja mara mbili au tatu, kila mara na uzito wake, na kila bloku inachagua inayoifaa, ni kama Mangi kuwa na bei ya rejareja na ya jumla kwa mali ile ile. Unasaidia. Ila taa zinazozunguka zina viwango kumi na kitu kwa wakati mmoja, kuna mahali unaishiwa.

Ndo likaja wazo la kufidia mwanga bloku kwa bloku, na hili ndo naliona tamu kuliko yote. Tatizo la bloku kwa bloku ni kwamba ukiandika uzito kwa kila bloku, gharama ya kuandika uzito inakula kile ulichookoa. Sasa wakajiuliza, je tunaweza kuujua uzito bila kuandikiwa?

Fikiria umekaa sebuleni usiku, umeme umepungua nguvu, taa imekuwa nyekundu nyekundu kama kijinga cha mkaa. Je unahitaji kuinuka kwenda chumbani kujua kama taa ya huko nayo imefifia? Huhitaji. Umeiona ya sebuleni, ya chumbani ni hivyo hivyo. Dekoda nayo ikifika kwenye bloku fulani, tayari imeshafungua bloku za juu yake na za kushoto kwake. Inachukua ule mstari wa pikseli zinazopakana na bloku kwa juu na kushoto, inaangalia pikseli kama hizo kwenye fremu iliyopita zilikuwaje, inalinganisha: zilikuwa 100 sasa ni 70, basi na mimi nizidishe kwa 0.7. Enkoda imefanya hesabu ile ile upande wake, wamefika jibu moja, hakuna aliyemwandikia mwenzake chochote zaidi ya alama moja ya ndiyo au hapana, tumia au usitumie.

Ile alama ya hapana inahitajika kwa sababu kuna nyumba ambazo sebule iko fezi moja na chumba fezi nyingine. Kwenye picha nako, bloku inaweza kuwa ndo mahali hasa taa ya DJ imeishia, jirani yuko gizani na wewe umemulikwa, ukimfuata jirani unapotea. Hapo enkoda inajaribu njia zote mbili, ikiona jirani anadanganya inaandika hapana na kuendelea kwa njia ya zamani.

Njia hii iliingia kwenye tawi la H.265 la video za 3D, lile la 2015, na ukifikiri utaona kwa nini ilianzia huko: 3D inapigwa na kamera zaidi ya moja zimepangwa pembeni kwa pembeni, na hakuna kamera mbili duniani zinazokubaliana kuhusu mwanga. Wakati wa kutengeneza H.266 waliijaribu tena na ilikuwa inasaidia, ila kwenye kiwango cha mwisho cha 2020 haikuingia. Ugomvi wa njia hii siku zote ni foleni, maana bloku haiwezi kuanza kuhesabiwa mpaka jirani zake wamalize kabisa, na chipu zinapenda kufanya bloku nyingi kwa mpigo. Sasa hivi wanaotafuta kodeki ijayo wameirudisha mezani na iko kwenye programu yao ya majaribio. Simu yako bado haina.

Kuna taa nyingine nazo zinasumbua kimya kimya, na hili ni la kwetu kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Simu inarekodi fremu 30 kwa sekunde, na 100 haigawanyiki kwa 30, inabaki theluthi moja pale, kila fremu inaikuta taa kwenye hali tofauti na mzunguko unajirudia kila baada ya fremu 3. Marekani umeme wao ni hezi 60, taa zinapepesa mara 120, na 120 kwa 30 inagawanyika vizuri, wao hawana hiyo shida kwa fremu 30. Sisi ukirekodi ukumbi wenye taa hizo kwa 30 unaweza kupata mistari ya giza inayotembea kwenye picha, na hata usipoiona, enkoda inaiona, inakula biti kuiandika kila fremu. Rekodi kwa 25, au kama app yako inaruhusu weka shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, sekunde 1 kwa 50 au 1 kwa 100. Hili peke yake limeniokoa mara nyingi kuliko kununua lenzi.

Lingine la kufanya ni kufunga mwanga wa kamera. Simu ikiachwa otomatiki, mtu mwenye shati jeupe akikatiza mbele yake inapunguza mwanga wa picha nzima, akipita inarudisha, hapo hata DJ hajafika na tayari umejitengenezea kufifia kwako mwenyewe. Kwenye simu nyingi ukibonyeza na kushikilia kidole kwenye skrini inafunga. Na wale ndugu zangu wa kuweka kila sekunde mbili madoido ya flashi ya kutoka kwenye app za kuedit, mjue kila flashi ile ni mabokisi mnayanunua kwa hiari yenu.

Anayebana kwa kompyuta na x264, programu ya kubania H.264, mpangilio wa ule uzito unaitwa weightp, una 0, 1 na 2, na wenyewe unakuja ukiwa 2. Acha hapo hapo. Nimeona watu wananakili mipangilio ya "kubana haraka" ambayo inauzima, na ukichagua wasifu wa Baseline, ile H.264 iliyopunguzwa vitu, ndo haupo kabisa.

Nilimfuata yule kijana wa kamera nikaomba faili la asili kwenye flashi, na flashi hii ni ya kuchomeka sio ya kumulika. Lilikuwa GB 3 na kitu, na uso wa binamu yangu ni safi mule ndani, kwa hiyo kamera ilifanya kazi yake na shangazi kamwonea mtoto wa watu. Kilichoharibu ni kubanwa mara mbili: yeye aliibana haraka akamtumia mjomba, app ya meseji ikabana tena juu ya mabokisi, na mabokisi yakibanwa tena yanahesabiwa kama urembo wa gauni. Nimeibana upya taratibu, nikaituma kama dokumenti badala ya video ili app isiiguse. Pale mwishoni ukumbi unapofifia kwenda giza sasa panateremka laini kama mafuta. Pale katikati taa zinapozunguka bado kuna sekunde 5 au 6 ambapo maua ya jukwaani yanavunjika. Shangazi kaangalia, kasema afadhali, halafu kauliza mbona yeye kwenye meza ya kulia anaonekana wa bluu.